Punguzeni Spika Kwanza

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, mtoto akiziba masikio kanisani, hukumu huja kabla ya maswali. Mmoja atasema hana adabu, mwingine atataka aombewe, na hakosi wa kunong'ona habari za uchawi, ingawa sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inakataza kumtuhumu mtoto hivyo. Spika iliyo karibu na kichwa chake haitajwi kabisa.

Huenda mtoto huyo ana usonji (autism), hali ya ubongo kukua na kufanya kazi kwa namna tofauti. Watoto wengi wenye usonji wakipimwa masikio wanakutwa wazima. Tofauti iko ndani zaidi. Mwaka 2010 timu ya Timothy Roberts, wa hospitali ya watoto ya Philadelphia nchini Marekani, ilitangaza matokeo ya kupima nguvu hafifu ya sumaku inayotoka kwenye ubongo wakati mtoto anasikilizishwa milio. Kwa kawaida kuna jibu la ubongo linaloonekana kama milisekunde 100 baada ya mlio. Kwa watoto wenye usonji lilichelewa kwa wastani wa milisekunde 11. Utasema hicho ni nini? Lakini maneno hayasubiri mtu: silabi ya kwanza haijakaa sawa, ya pili inaanza kuingia.

Ongeza kelele sasa. Mimi na wewe tukiongea mtaani Birere, hapa mjini, pikipiki na jenereta tunaziweka kando bila hata kujua. Wengi wa watoto hawa hawawezi. Vyote vinaingia kwa pamoja. (Si wote, lakini. Wengine wanaitafuta sauti wenyewe, watagonga sufuria mchana kutwa.)

Kwa jirani yangu, umeme ukikatika na jenereta za mtaa kuanza kunguruma, kijana wake mwenye usonji anaingia chini ya meza, viwiko vimebana masikio, anajiimbia "mmm" isiyokwisha. Sauti hiyo angalau anaiendesha mwenyewe. Mama yake hapandishi sauti. Anangoja, kisha anasema neno moja, "Viatu," na kunyamaza, kimya kirefu hadi sisi wageni tunatamani kumsaidia kurudia. Mtoto anatoka, anavileta.

Wachungaji wataniambia sifa haziimbwi kwa kunong'ona. Sawa. Basi familia yenye mtoto kama huyo ipewe benchi la nyuma, karibu na mlango, na mtoto akitoka nje asirudishwe kwa kuvutwa mkono. Halafu mnieleze, kanisa la mbao la watu hamsini linahitaji spika nne za nini?