Lori la Choo Halina Adabu

Jamani Malindi nyie! Mtu anajenga nyumba Muyeye, geti la umeme, taa kila nguzo, halafu njia ya kuingilia gari anaimwagia mchanga, anaunyunyizia maji kwa mpira, anapanga kabro nyekundu, yale matofali ya zege ya kutandaza njiani. Ukimuuliza: "Mimi nina kigari kidogo tu." Sawa, una kigari. Na mfereji ukikauka, bauza, lile lori la maji, litaruka ukuta? Shimo la choo likijaa, utalichota kwa kata?

Hesabu yenyewe haitaki shule. Lita 10,000 za maji ni tani 10, hujapima tangi, injini wala dereva aliyetoka kula biriani. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inaruhusu ekseli moja yenye tairi nne kubeba tani 10. Huyo ndiye mgeni wako, na hajui kunyata.

Lakini fundi atasema, "Itashika tu, mkubwa." Itashika nini? Mawe ukiyatupa juu ya mchanga mtupu, kila tairi likipita yanazama kidogo, mchanga nao unapanda kati yao, mpaka kabro inafuata chini na uani mna mitaro miwili sambamba kama reli ya Mombasa.

Chimba sentimita 51. Usinikodolee macho, jumlisha mwenyewe: mawe 25, maram (udongo wa changarawe) 15, vumbi la kokoto 3, kabro 8. Chini kabisa, ukishashindilia mchanga, tandaza kile kitambaa kizito cha jeotekstaili. Kazi yake ni kuwatenga mchanga na mawe wasizoeane. Matumbawe yanayosagika mkononi hayafai. Ligonge jiwe kwa nyundo: likilia, chukua, likitoa unga, lirudishe kwa aliyekuuzia. Unaposhindilia, kila mkupuo usizidi sentimita 15 (hayo mawe 25 yaingie kwa mikupuo miwili), ulowe kidogo, ushindiliwe kwa rola au mashine ya kutetema. Nimesema mashine, si vijana wawili na gogo la mnazi.

Kabro nazo! Watu wanabishana rangi siku nzima, unene hawaulizi. Ya milimita 60 ni ya vigari. Malori yanataka 80. Zipange kwa mshazari, mtindo wa mfupa wa samaki, kwa sababu lori likikata kona getini, mistari iliyonyooka husukumwa yote kwa pamoja. Za sentimita 20 kwa 10 ni 50 kwa mita ya mraba, basi njia ya mita 4 kwa 15 inameza 3,000, na 150 za kukatwa na kuvunjika. Kingo za zege zitangulie pande zote mbili, la sivyo kabro zinatawanyika kutafuta nafasi. Mteremko sentimita 2 kwa kila mita, uelekee mbali na nyumba, maana masika ya Aprili hayabishi hodi. Mchanga wa kujazia nyufa usiwe wa ufukweni. Chumvi yake inatoa ukungu mweupe, uanze kusugua kila Ijumaa.

Wenye kupenda vigae vya mawe ya Galana, wekeni barazani. Vipande vyembamba vile ni vya miguu. Na mfuniko wa shimo la choo usikae katikati ya njia, lori lililokuja kulinyonya lisije likaingia humo lenyewe.

Wapo wasiotaka kabro, wanataka zege. Haya: unene sentimita 15, mchanganyiko 1 kwa 1.5 kwa 3 (saruji, mchanga, kokoto), wavu wa chuma wa BRC A193 uinuliwe juu ya vijiwe (si kulazwa chini halafu eti utapanda wenyewe), mkato kila mita 4 ili lipasuke pale unapotaka wewe. Limwagiliwe siku 7, lori lisikanyage mpaka siku 28. Siku ya tatu, fundi yuleyule anamfungulia geti dereva wa kokoto: "Pita tu, ishakauka."