Mtu wa matairi hakupakwa chokaa

Makala tamu, ila hapo uliposema mtu wa matairi wa kwenye matangazo ya kampuni ya Michelin alifanywa mweupe ili avutie macho, umeteleza ndugu yangu. Mchoraji O'Galop alipomchora mwaka 1898, matairi yenyewe yalikuwa meupe-meupe, rangi ya mpira mbichi. Weusi ulikuja baadaye, viwanda vilipoanza kuchanganya masizi ili yasilike upesi. Na kwenye bango lile la kwanza kainua glasi ya misumari na vigae vya chupa, eti tairi linavinywa vya barabarani!

Hapa Ngamiani, Tanga, fundi wetu wa baiskeli kamchora ukutani, tumbo pete tatu, kichwani kofia ya viua. Watoto wanamwita Babu Mnene. Glasi ya misumari kamnyima, anasema pancha ndizo zinazomlisha.