Obama hakushinda kwa ufasaha tu

Kuna mwandishi anayedai eti John McCain, mgombea wa Republican, alimzidi Obama kwa kila kipimo kwenye uchaguzi wa urais wa Marekani mwaka 2008, kilichomwangusha ni ulimi mtamu wa mpinzani wake. Hapo mwandishi huyo nampinga. Uzoefu McCain alikuwa nao, hakuna ubishi: miaka 21 kwenye Seneti, na kabla ya hapo zaidi ya mitano akiwa mfungwa wa vita Vietnam, akakataa kuachiwa kabla ya wenzake waliotekwa mapema. Lakini uzoefu hupimwa siku ya shida. Septemba 15 benki kubwa ya Lehman Brothers inafilisika, yeye anasema misingi ya uchumi ni imara. Siku tisa baadaye anasimamisha kampeni na kutaka mdahalo uahirishwe, kisha Septemba 26 huyo hapo jukwaani Mississippi. Nilikuwa Minnesota, nahudumia wazee zamu ya usiku. Mzee mmoja, askari wa zamani aliyebandika picha ya McCain juu ya kitanda chake, aliitazama habari ile kimya, akaniomba nizime televisheni. Na vita vya Iraq je? McCain aliviunga mkono, Obama alivipinga hadharani Chicago Oktoba 2002, kabla havijaanza. Huo ni uamuzi, si ufasaha. Ila McCain nitamheshimu daima kwa siku ile ya mkutano wake wa kampeni Lakeville, Minnesota, mama mmoja aliposema Obama ni Mwarabu, naye akachukua kipaza sauti akamkatalia palepale, akasema ni mtu mwema mwenye familia, wanatofautiana kwa hoja tu. Mliokuwa Marekani mwaka ule, ninyi mliwapimaje wawili hawa?