Gari la Kabwela Lililoishia Mnadani

Mwenye Pontiac GTO ya 1964 hawezi kutoka nyumbani kimyakimya. Akiwasha injini alfajiri, mtaa mzima unajua ameamka. Yeye anaona raha, jirani anaona kero, na jirani akiwa mtu wa kufuatilia mambo ataongeza kwamba gari lenyewe linakunywa mafuta kupita kiasi, linachafua hewa na usalama wake ni wa mashaka. Ubishi huu umedumu Marekani zaidi ya miaka hamsini. Kila upande una hoja nzito, ila nikiusikiliza naona wote wanapita kando ya jambo moja: magari haya ya Kimarekani ya ukubwa wa kawaida yaliyofungwa injini kubwa, wenyewe wanayaita muscle cars, yalitengenezwa kwa ajili ya nani, na leo yako mikononi mwa nani.

Mwanzoni mwa miaka ya 60, General Motors ilikuwa na kanuni yake ya ndani: gari la ukubwa wa kati lisifungwe injini inayozidi inchi za ujazo 330, yaani kama cc 5,400. John DeLorean, aliyekuwa mhandisi mkuu wa Pontiac, mojawapo ya chapa za General Motors, pamoja na wenzake Bill Collins na Russ Gee, walitaka kuchukua injini ya inchi 389, karibu cc 6,400, iliyokuwa ikifungwa kwenye magari makubwa ya kampuni, na kuipachika kwenye Tempest LeMans iliyo nyepesi. Kanuni iliwabana kwenye gari jipya, lakini iliacha mwanya kwenye nyongeza anazojichagulia mnunuzi. Basi GTO ikaingia sokoni kama nyongeza, kwa kiasi kisichofika dola 300 juu ya bei ya gari. Wakubwa wa mauzo walikubali zitengenezwe 5,000 tu, kwa tahadhari. Mwaka wa kwanza zikauzwa 32,450.

Nguvu yake ilikuwa farasi 325, au 348 kwa aliyelipia kabureta tatu. Kwa msomaji anayeendesha Vitz ya cc 1,000, hizo ni karibu injini tano za Vitz chini ya boneti moja.

Miaka minne baadaye Plymouth, chapa ya kampuni ya Chrysler, ilifanya ujanja mwingine: ilipunguza. Road Runner ya 1968 ilikuja na kiti kimoja kirefu mbele, mpira sakafuni badala ya zulia, na honi inayolia kama yule ndege wa katuni ambaye kampuni ililipia kutumia jina lake. Anasa zote ziliondolewa ili fedha iende kwenye injini. Bei ilianzia dola 2,896, wakati ambapo familia ya kawaida ya Marekani iliingiza kama dola 8,600 kwa mwaka. Kijana mwenye ajira ya kiwandani aliweza kulichukua kwa mkopo, akalipa kidogo kidogo, na Jumamosi usiku akasimama kwenye taa nyekundu za Woodward Avenue, Detroit, kando ya gari la mtoto wa bosi. Taa ikigeuka kijani, aliyebaki nyuma ni mtoto wa bosi. Kasi peke yake haikuwa jambo geni, Ferrari ilikuwa nayo tangu zamani. Jambo geni ni kwamba sasa iliuzwa kwa mtu wa mshahara.

Sasa tuwasikilize watetezi wa leo. Kwanza lazima wakubali kwamba kasi si hoja tena. Ile nguvu ya farasi 325 ilipimwa injini ikiwa juu ya meza ya majaribio, haijabebeshwa vifaa vyote inavyovizungusha ikiwa ndani ya gari. Viwanda vilipobadili kipimo mwaka 1972, namba ziliporomoka hata pale injini ilipokuwa ileile. Camry ya silinda sita ya miaka ya karibuni ikipangwa mstari mmoja na GTO, mwenye GTO asiweke dau.

Kinachobaki ni kazi ya mikono, na hapa nawaelewa kabisa. Fungua boneti ya gari la aina hii na utaona ardhi chini; kuna nafasi fundi mwembamba kuingiza mwili mzima. Zile kabureta tatu zimepangwa mstari mmoja. Kwa mwendo wa kawaida inafanya kazi ya katikati peke yake, mbili za pembeni zimefunga. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho nazo zinafunguka, hewa inavutwa kwa nguvu, na sauti ya gari inabadilika papo hapo. Ili zifunguke kwa pamoja bila injini kukohoa, mtu lazima azirekebishe kwa bisibisi na sikio. Hakuna kompyuta ya kuchomeka ikuambie shida iko wapi. Unanusa plagi, unatazama rangi yake, unajua kama mchanganyiko una mafuta mengi au hewa nyingi. Mtu aliyejifunza hayo kwa baba yake, akayafanya miaka thelathini, anapojivunia gari lake anajivunia kitu alichokijenga, na sioni kwa nini aone haya.

Wapinzani nao hawasemi uongo. Gari hili huenda kilomita nne au tano kwa lita. Lilibuniwa kwa ajili ya petroli yenye madini ya risasi, ambayo mbali ya kuongeza oktani ilikinga viti vya valvu visilike. Risasi hiyohiyo ilikuwa ikitoka kwenye eksozi na kuingia kwenye damu za watoto. Huku kwetu kusini mwa Sahara iliondolewa mwanzoni mwa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani kuacha kuiuza, mwaka 2021. Wamiliki wengi wameshabadilisha viti vya valvu na hoja ya risasi imekwisha, lakini harufu ya petroli isiyoungua inayobaki nyuma ya gari lisilo na kichujio cha eksozi haihitaji mtaalamu kuieleza.

Ila tupime kwa haki. Kwa kila kilomita, gari hili linachafua kupita kiasi; kwa mwaka mzima, mengi yanatembea kidogo sana kuliko gari la kwenda kazini. Jimbo la Michigan, lenye Detroit, hutoa namba za usajili za kihistoria kwa magari yaliyozidi miaka 25, kwa sharti kwamba yaende kwenye maonyesho, misafara na shughuli za klabu tu. Mwezi wa Agosti peke yake ndipo mwenye namba hizo anaruhusiwa kuliendesha kama gari la kawaida. California, jimbo kali kuliko yote kwa mambo ya moshi, imeyasamehe ya mwaka 1975 kurudi nyuma yasipimwe. Hawakuyasamehe kwa sababu moshi ni safi. Mzigo ni mdogo, basi.

Hoja ya usalama ndiyo inayoniumiza kichwa zaidi. GTO ya 1964 ilitoka kiwandani na breki za ngoma magurudumu yote manne. Breki za ngoma zikishapata moto zinalegea, na hapo una tani moja na nusu ya chuma, zaidi ya farasi 300, na mguu unaozama. Fimbo ya usukani ilikuwa chuma kimoja kigumu kilichoelekezwa kifuani mwa dereva. Mwaka 1972 barabara za Marekani ziliua zaidi ya watu 54,000. Si kosa la magari haya peke yake, lakini anayesimulia miaka ile kana kwamba ilikuwa arusi tupu ana mazishi mengi ya kuyaruka.

Kuna kingine kinachorukwa. Mei 1968, katika kiwanda cha Dodge Main, cha kampuni hiyohiyo ya Chrysler, kilichokuwa Hamtramck, mji mdogo uliozungukwa na Detroit, wafanyakazi waligoma bila idhini ya chama chao kwa sababu mstari wa kuunganisha magari ulikuwa umeongezwa kasi. Waliogoma walikuwa Wazungu na weusi, lakini adhabu ziliwaelemea weusi. Wao ndio walioanzisha DRUM, vuguvugu la kimapinduzi la wafanyakazi wa Dodge, lililodai wasiendelee kupangiwa kazi ngumu na chafu kuliko wenzao. Miaka miwili baadaye kiwanda hichohicho kilikuwa kikitoa Challenger na Barracuda, magari ambayo leo yanasuguliwa kwa vitambaa laini. Mpenzi wa magari anaweza kukutajia rangi zote za mwaka 1970 kwa majina. Habari za mikono iliyoyafunga hazimo kwenye hadithi yake, na kwangu hiyo ni dosari kubwa kuliko mafuta.

Mwisho wa zama hizo haukuchukua muda. Kampuni za bima zilipandisha ada kwa vijana wenye injini kubwa, sheria ya hewa safi ya 1970 ikabana, na vikwazo vya mafuta vya Waarabu mwaka 1973 vikamalizia. Kwa miaka kadhaa haya yakawa magari ya mitumba tu, ya kuozea nyuma ya nyumba. Kisha vijana wa 1968 wakazeeka, wakapata fedha, wakaanza kutafuta ujana wao.

Hapo ndipo fahari ilipobadilika sura. Mwaka 2014 Plymouth Hemi 'Cuda (yaani Barracuda yenye injini ya Hemi) ya 1971 isiyo na paa, mojawapo ya chache mno zilizotengenezwa, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.5. Bei zikifika huko, udanganyifu unafuata. GTO za 1964 na 1965, kwa kuwa zilikuwa nyongeza tu, namba ya chesisi haizitofautishi na LeMans ya kawaida. Mtu akinunua LeMans, akafunga injini ya 389 na kupachika nembo, kwa macho huijui, hadi utafute kumbukumbu za kiwanda. Wanunuzi siku hizi wanalala chini ya gari na tochi kusoma namba zilizogongwa kwenye injini. Gari lililotengenezwa liendeshwe na kijana asiyejali, leo likiongezewa kilomita kumi linapungua thamani.

Wanaoutetea mnada wana jibu, na si jibu la kupuuza. Bila fedha hizo nani angetengeneza spea? Kwa sababu soko lipo, leo unaweza kuagiza bodi nzima mpya ya Camaro ya 1969, chuma kisichowahi kuona barabara. Mwenye kipato cha wastani anayekarabati gari lake taratibu, milango mwaka huu, gia mwakani, anafaidika na soko lililojengwa na matajiri. Nakubali. Lakini gari lililonivutia kuliko yote ya minada ni ile Mustang ya 1968 aliyoiendesha Steve McQueen katika filamu ya Bullitt. Familia moja iliinunua mwaka 1974, na mama wa familia hiyo, mwalimu wa shule ya msingi, akawa anakwenda nayo kazini hadi klachi ilipokufa. Januari 2020 iliuzwa kwa dola milioni 3.4 kabla ya ada, ikiwa na kutu na rangi iliyochubuka, bila kufanyiwa ukarabati wa kuipamba. Matajiri walilipia alama za maisha ambayo wao wenyewe, wakishaifungia ghalani, hawataipa tena.

Ndiyo maana Woodward bado inanipa moyo. Tangu 1995, karibu kila mwaka, Jumamosi ya tatu ya Agosti, magari maelfu kwa maelfu hupita barabara ile kutoka Ferndale hadi mji wa Pontiac, na kutazama ni bure, unakuja na kiti chako cha kukunja. Wapo waliobadili breki wakaweka za diski, wakaweka mikanda ya begani, wengine hata injini mpya. Wenye kushika asili wanawacheka. Mimi nasimama na hawa wanaochekwa: gari linasimama likitakiwa kusimama, na linatembea.

Dodge iliacha kuunda Challenger ya V8, yaani ya silinda nane, mwishoni mwa 2023. Mwaka uliofuata ikatoa Charger ya umeme yenye kifaa maalumu cha kutoa mngurumo, kwa bei iliyoanzia karibu dola 60,000. Kipato cha wastani cha kaya ya Marekani mwaka 2023 kilikuwa dola 80,610. Road Runner ilikuwa theluthi ya mapato ya mwaka. Hii ni karibu robo tatu. Kijana wa kiwandani wa leo anayetaka kelele na kasi anatafuta Mustang ya V8 ya miaka ya 2000, ya mkono wa tatu, yenye mkwaruzo mlangoni, na kama kuna gari litakalobishaniwa hivi mwaka 2060, nadhani ni hilo.