Benki Iliyotoza Zaka

Dodoma ukivaa tai unaitwa mheshimiwa. Uwe mbunge, uwe karani wa masijala, uwe fundi mapazia uliyeazima tai ya shemeji, dereva wa bajaji atakuita mheshimiwa na atakuongezea mia tano kwenye nauli. Mimi ni wa masijala. Nilihamia huku na ofisi kutoka Dar, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nalibeba hilo jina bure, mfukoni sina ushahidi wowote. Mpaka ilipokuja ile kadi.

Ilikuja mwezi wa Juni, upepo wa Mtumba, kule kwenye mji wa serikali iliko ofisi yetu, ukiwa kwenye ubaya wake, ule wa kupeperusha jalada pamoja na kokoto uliyoliwekea. Watu wawili wa benki walitutembelea ofisini wakiwa na vikombe vya zawadi na fomu. Dada mmoja ndiye aliyeeleza, na alieleza vizuri, siwezi kumsingizia. Alisema hii ni kadi ya mkopo, si ile kadi tuliyoizoea. Ile inachota hela yako mwenyewe kwenye akaunti. Hii inachota ya benki, halafu wewe unairudisha. Hesabu inafungwa tarehe 10 ya kila mwezi, mwisho wa kulipa ni tarehe 30, na ukilipa deni lote kufikia hapo, vitu ulivyonunua havina riba hata senti. Kisha akaendelea na sentensi nyingi zilizoanza na neno "ila". Hizo sikuzisikia. Macho yangu yalikuwa yameshafika pale kwenye fomu palipoandikwa kiwango changu cha kukopa: shilingi 2,000,000.

Naomba nieleweke. Slipu yangu ya mshahara wakati huo ilikuwa imeliwa mpaka kwenye theluthi moja, pale ambapo sheria inawaambia wakataji wamwache mtumishi apumue. Mkopo wa kiwanja, mkopo wa bati, na mkopo wa kulipia mkopo. Sasa mtu wa theluthi moja unamwambia ana milioni mbili, tena hazipiti kwenye slipu? Nilisaini kwa mwandiko ambao hata cheti cha ndoa sikukipa.

Nyumbani Nkuhungu, Mama Neema aliishika ile kadi kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa mjusi kwenye unga.

"Hii ni kausha damu," alisema, akimaanisha ile mikopo ya mtaani ya riba ya kunyonya.

"Kausha damu gani ya benki? Ona, ina chipu."

"Basi ni kausha damu iliyovaa tai."

Nilimhurumia. Nikasema moyoni, huyu hajapata elimu ya fedha.

Jumamosi iliyofuata nikawachukua wenzangu wa ofisini, watu tisa, tukaenda mnadani Msalato. Asiyepajua Msalato siku ya mnada hajaijua Dodoma: ng'ombe na mbuzi upande huu, mitumba upande ule, na katikati moshi wa nyama choma unaokupofua jicho moja ili bei uione kwa lile jingine. Niliagiza mbuzi wawili wazima. Watu walipouliza nani analipa, nilipiga mfuko wa shati mara mbili, kimya kimya, kama mtu mwenye siri ya nchi.

Tulipomaliza, nikamwita mchoma nyama na kumpa kadi. Akafuta mikono kwenye aproni, akaipokea kwa heshima, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mheshimiwa, nani anaumwa?"

"Anaumwa vipi?"

"Si kadi ya bima hii?"

Wenzangu walicheka mpaka mmoja akapaliwa na mfupa, ikawa nusura kadi ya bima ihitajike kweli. Nikaeleza kwamba ni ya kulipia. Yule bwana akanionyesha kibao kilichopigiliwa kwenye nguzo: namba ya kulipia kwa simu. Hiyo au taslimu, mheshimiwa, hapa hatuna mashine.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza, na nililifanya kwa mwendo wa kasi. Nikawasha kigari changu, nikarudi mjini hadi ATM, nikachomeka ile kadi na kutoa shilingi 400,000 taslimu. Mashine ikaandika kitu kuhusu ada. Nikabonyeza kukubali kabla haijamaliza kuandika. Nani anasoma maandishi watu tisa wanamsubiri?

Wiki hiyohiyo nikanunua suti ya 170,000 na mafuta ya gari ya 44,000. Zote kwa kadi, kwenye maduka yenye mashine. Na niseme ukweli, kile kimlio cha mashine ikikubali kina utamu wake. Ukitoa noti unaona zinaondoka, unaziaga. Kadi inakwenda na kurudi mkononi mwako ikiwa nzima, hujapungukiwa na kitu.

Julai ikaja taarifa ya hesabu kwenye simu. Jumla ya deni: 640,000. Chini yake, kwa herufi nene: malipo ya chini kabisa, 64,000, kabla ya tarehe 30.

Niliisoma mara tatu. Kisha nikainuka kitini.

Ndugu zangu, mimi nilielewa kwamba hiyo ndiyo bei. Nilielewa hivyo kwa dhati, kwa akili zangu timamu, mtu mwenye stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu. Niliona benki imepiga hesabu zake, ikaniangalia nilivyo mteja mpya, ikaamua nilipe sehemu moja ya kumi. Zaka! Nikasema benki hii itakuwa imeokoka. Nikalipa zile 64,000 siku hiyohiyo, ikaja meseji ya kunishukuru kwa malipo. Sasa mtu anayekudai anakushukuru? Si ina maana mmemalizana?

"Mama Neema," nilimwambia jioni, miguu nimeiweka juu ya stuli, "nimekula mbuzi wawili wa Msalato, nimevaa suti na nimejaza gari kwa elfu sitini na nne."

Hakujibu. Aliendelea kusonga ugali, ila mwiko ulibadilisha mlio.

Tangu hapo nikawa mhubiri. Kwenye basi la wafanyakazi asubuhi niliwafundisha wenzangu siri ya kadi. Mmoja akauliza kama kweli benki inaweza kusamehe tisa ya kumi. Nikamwambia ndiyo maana matajiri hawaishiwi. Na mimi nikazidi kununua. Matairi manne ya gari. Viti vya baraza, vile vya kusukwa, vya 210,000, ambavyo upepo wa Dodoma ulivijaza vumbi kabla hata hatujavikalia. Nikajiunga na programu moja ya kutazama mpira kwenye simu iliyosema siku 7 za kwanza ni bure, weka tu namba za kadi. Nikaweka. Siku 7 zikapita, nikaisahau, yenyewe haikunisahau. Ilikuwa inachota kila mwezi kwa dola, na benki inabadilisha dola kwa bei yake, inaongeza na chake kidogo cha usumbufu.

Agosti deni likaandikwa 1,310,000, malipo ya chini 131,000. Nikaona sawa, zaka imepanda kwa kuwa kipato kimepanda. Nikailipa, safari hii kwa kukohoa.

Kisha Septemba akaja mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni Mgogo wa Mpunguzi, mkulima wa zabibu. Alikuwa ametoka kuuza mavuno, zile zabibu za pili za mwaka, akapita kutusalimia na kapu lake. "Mbukwenyi," akanisalimu, nami nikaitikia nimeinama, kwa maana mkwe ni mkwe, hata kukohoa mbele yake unaomba ruhusa. Kwa hadhi yangu mpya nikaona haiwezekani arudi kijijini mikono mitupu. Nikampeleka supamaketi.

Yeye hakutaka kitu. Kila nilichoweka kwenye toroli alikitoa, nikakirudisha. Mchele, mafuta ya kula, sukari, sabuni, blanketi. Blanketi alilishika kwanza, akalipapasa pembeni, akalirudisha rafuni taratibu. Hapo nikalichukua kwa fahari zote. Kaunta ikasoma 87,400. Nikatoa kadi kwa ule mkono wa Msalato.

Mashine haikutoa ule mlio ninaoupenda. Ilitoa mwingine.

"Imekataa, kaka," dada wa kaunta akasema, kwa sauti ambayo nadhani walifundishwa kuitumia wakati wa moto.

"Jaribu tena."

Akagusisha. Akachomeka. Akaifuta kwenye sketi na kuchomeka tena. Foleni nyuma yetu ikawa inarefuka. Mtu mmoja akaanza kuhesabia pumzi zake ili tumsikie.

"Salio halitoshi, kaka. Una kadi nyingine?"

Jasho lilikuwa limeshafika kwenye soksi. Nikachomoa pochi, nikatoa kadi nyingine nikampa bila kuitazama. Akaiangalia, akaniangalia, akairudisha kwa upole wa kweli.

"Kaka, hii ni ya bima."

Nikakumbuka simu. Kwenye simu kulikuwa na shilingi 3,200, na mtandao nao ulikuwa unanidai. Nikawa nimesimama pale naangalia ule mchele kama mtu anayeuaga mwili. Ndipo nikasikia nyuma yangu sauti ya kitambaa kikifunguliwa. Mama mkwe alikuwa anafungua fundo la khanga. Alitoa hela ya zabibu, noti zilizokunjwa ndogondogo, akazinyoosha moja moja juu ya kaunta ya watu, akalipa 87,400 kamili. Hakusema neno. Hata garini hakusema neno. Mtu akikutukana unajua pa kuanzia kujitetea. Huyu aliniuliza tu kama mvua za mwaka huu zitawahi.

Jumatatu nilikuwa benki mlango haujafunguliwa. Nikamkuta dada yuleyule wa Juni. Nikamweleza, kwa sauti ya mlalamikaji, kwamba benki imenidhalilisha mbele ya mkwe ilhali kila mwezi nalipa bei niliyoandikiwa.

"Bei?" akasema.

Nikamwonyesha kwenye simu. Alinyamaza kidogo, akafunika mdomo kwa faili, mabega yakawa yanatikisika. Baadaye akageuza kompyuta yake nione. Deni lilikuwa 1,986,000. Malipo ya chini, akasema, ni kiasi cha kuonyesha tu kwamba bado upo hai na hujatoroka. Kile kinachobaki kinatozwa riba, na kwa kadi yangu ilikuwa asilimia 3 kwa mwezi. Akanipigia hesabu: nikiacha kabisa kuitumia kadi, nikawa nalipa hiyo sehemu ya kumi kila mwezi kama nilivyozoea, baada ya mwaka mzima nitakuwa nimelipa zaidi ya milioni moja na laki sita. Na bado nadaiwa laki nane.

"Laki nane za nini?"

"Za mbuzi, kaka."

Akanionyesha na ule mstari wa Msalato. Laki nne za ATM zilikuwa zimezaa ada ya 16,000 palepale, na riba ikaanza kutembea siku ileile, kwa sababu zile siku za neema, za kulipa bila riba, ni za manunuzi. Ukitoa taslimu huna hata siku moja. Kufikia kufungwa kwa hesabu ilishatembea kama 10,000. Mbuzi walikuwa hawajatoka tumboni, tayari wana watoto.

Nilimuuliza afanyaje mtu mwenye akili. Akasema hata yeye anayo. Vitu vyake vikubwa ananunua tarehe 11 au 12, hesabu ikiwa imeshafungwa, hivyo anapata karibu siku 50 kabla ya kulipa, na mshahara unaingia katikati. Akinunua tarehe 9 zinabaki siku 21 tu. Ameiagiza benki ikate deni lote kila mwisho wa mwezi, asije akajishawishi. Na kiwango chake ameomba kishushwe. Hilo la mwisho lilinishangaza, sikujua mtu anaweza kwenda kuomba apunguziwe heshima. Nikaomba changu kishushwe kadiri ninavyolipa, mpaka laki tatu. Ile programu ya mpira tukaifuta palepale. Kumbe nilikuwa nimeitazama mara moja tu, tena timu yangu ilifungwa.

Viti vya baraza nilimuuzia jirani kwa laki moja na nusu. Matairi yana faida, yanatembea. Suti hakuna aliyeitaka. Kadi ikahamia kwa Mama Neema, kwenye kopo la chumvi, na mimi nikarudi kupanda basi la wafanyakazi kwa kuingilia mlango wa nyuma.

Likabaki deni la mama mkwe. Mshahara ulipotoka tu, nikaenda Mpunguzi, nikamkuta shambani anafunga matawi ya mizabibu. Nikatoa bahasha kwa mikono miwili. Akaisukuma.

"Mkwe, usijibane. Una watoto. Wewe nipe kidogo kidogo, hata elfu nane kila mwezi, inatosha."

Sehemu ya kumi! Nilipiga magoti palepale kwenye udongo.

"Mama, nakusihi. Chukua yote. Leo."

Alinitazama kama mtu anayefikiria upya uamuzi wa bintiye. Kisha akaketi kwenye ndoo, akatoa zile noti, akazihesabu, akazihesabu tena, akazikunja ndogondogo na kuzifunga kwenye khanga. Akakaza fundo.

"Bado mia nne, mkwe."