Kerma haimo daftarini

Jumamosi iliyopita mpwa wangu aliniletea daftari lake la historia nimsikilize kabla ya jaribio. Yuko kidato cha kwanza, na alikuwa amekariri vizuri. Ustaarabu wa kale duniani: Misri, Mesopotamia, bonde la Indus, China. Kila mmoja una sifa zake zilizopangwa kwa namba, na kila mahali namba moja ni maandishi. Nikamuuliza, je, kusini ya Misri kulikuwa na nini? Akapekua mbele, akarudi nyuma, halafu akanisomea mstari mmoja: Nubia, mahali ambapo Wamisri walipata dhahabu, pembe za ndovu na watumwa. Basi. Chini ya mstari huo inaanza China.

Mtoto hana kosa. Mwalimu wake pia simlaumu sana, naye alifundishwa hivyo hivyo, kama nilivyofundishwa mimi. Lakini mstari ule umenikaa kooni wiki nzima.

Kaskazini mwa Sudan, katika Nubia hiyo hiyo, jirani na maporomoko ya tatu ya mto Nile, kuna jengo la matofali ya udongo ambalo wenyeji wanaliita Deffufa. Limepigwa na upepo na mchanga kwa zaidi ya miaka 3,500 na bado limesimama, karibu mita 18 kwenda juu. Hilo lilikuwa hekalu, na mji uliolizunguka ndio Kerma. Ulianza kukua kwenye mwaka 2500 hivi KK, zama zile zile ambazo Wamisri walikuwa wakijenga mapiramidi ya Giza. Ulikuwa na kuta na mahandaki ya kuuzunguka, tanuri za kuoka mikate ya sadaka, na ukumbi mkubwa wa mviringo ambamo inaaminika mfalme alikuwa akipokea watu. Ukumbi wa mviringo, wenye nguzo za miti na paa la kuchongoka. Yaani msonge! Miaka yote nimeambiwa msonge ni nyumba ya watu ambao hawajaendelea, kumbe kuna mfalme aliyeukalia akaitoa Misri jasho.

Na ng'ombe. Mbele ya kaburi moja kubwa pale Kerma yalikutwa mafuvu ya ng'ombe zaidi ya 4,000, yamepangwa safu kwa safu kwa umbo la mwezi mchanga. Baadhi ya pembe zilikuwa zimepindishwa makusudi tangu ng'ombe akiwa ndama, kama Wadinka na Wanuer wanavyofanya hadi leo. Babu yangu mzaa mama alikuwa mfugaji. Ng'ombe wake alimjua kwa rangi, kwa pembe na kwa mama yake. Mtu kama yule usingehitaji kumweleza mafuvu yale yanasema nini. Angekuuliza tu marehemu alikuwa nani.

Tazameni pia vikombe vyao. Chini vyekundu, mdomoni vyeusi, na katikati umepita mkanda wa kijivu unaotokana na moto wenyewe wakati wa kuchoma. Kuta zake ni nyembamba kama ganda la yai. Vilifinyangwa kwa mkono, bila gurudumu. Mama mfinyanzi yeyote akikishika kimoja atakaa kimya kidogo.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Mmarekani George Reisner alichimba Kerma kuanzia 1913 hadi 1916. Ndani ya kaburi kubwa kupita kiasi, kilima cha mviringo chenye upana wa karibu mita 90, alikuta sanamu za Kimisri: ya gavana mmoja wa Asyut, mji wa Misri, aitwaye Hapidjefa, na ya mkewe Sennuwy, jiwe lililochongwa kwa ustadi wa ajabu. Reisner akahitimisha kwamba hapa alizikwa gavana wa Kimisri, kwamba Kerma ilikuwa kituo cha Wamisri, na kwamba weusi waliokuwapo walikuwa watu wa kutawaliwa tu. Hapidjefa alikuwa na kaburi lake kule kule kwao Asyut, na Reisner alilijua. Hata hivyo aliona ni rahisi zaidi kumhamisha maiti kuliko kukubali kwamba kilima kile ni cha mfalme Mwafrika. Kaburi lenyewe, baadaye ikajulikana, ni la karne kadhaa baada ya gavana huyo kufa. Na marehemu wa Kerma hawakuzikwa Kimisri hata kidogo: walilazwa kwa ubavu wa kulia, wamekunjwa magoti, kichwa mashariki, juu ya ngozi ya ng'ombe au juu ya kitanda kilichochongwa miguu kama ya ng'ombe.

Sanamu zilifikaje basi? Jibu lenye nguvu limetoka kwa Wamisri wenyewe. Mwaka 2003, kwenye kaburi la gavana Sobeknakht pale El Kab, kusini ya Misri, kulisomwa maandishi yanayosimulia jinsi Kush, jina ambalo Wamisri waliiita dola ya Kerma, ilivyopanda kaskazini na washirika wake, hata watu wa nchi ya mbali ya Punt wakiwamo, na Misri ikatikisika. Wakushi waliivamia Misri, wakabeba sanamu, wakazipeleka kwao. Zilikuwa nyara! Kwa miongo mingi ushahidi wa ushindi wao ulisomwa kama ushahidi wa utumwa wao. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Reisner alikuwa mchimbaji makini, hilo nalikubali. Bila kumbukumbu zake tusingejua nusu ya haya. Lakini umakini wa mkono haukumzuia kuona alichokuja akikiamini, na alichokiamini kilishuka hadi kwenye madaftari ya watoto.

Wamisri katika maandishi yao mara nyingi walikuwa hawaitaji Kush bila kuongeza neno la dharau, Kush nyonge. Wakati huo huo, Farao Senusret III na waliomtangulia walijenga mlolongo wa ngome kwenye maporomoko ya pili. Ile ya Buhen ilikuwa na ukuta wenye unene wa karibu mita 5. Mnyonge hajengewi ukuta wa namna hiyo. Baadaye, Wahyksos, watu wenye asili ya Asia, walipoitawala kaskazini ya Misri, mfalme wao Apepi alimwandikia mfalme wa Kush kumtaka washambulie pamoja na kugawana miji. Barua ikanaswa njiani na watu wa Kamose, mfalme wa Misri ya kusini, ndiyo maana tunaijua. Hivyo ndivyo wakubwa walivyoandikiana.

Wapo watakaoniambia Kerma haikuwa na maandishi. Ni kweli, haikuacha maandishi yake, na ni kweli pia kwamba katika kaburi moja la kifalme walizikwa watu zaidi ya 300 ili wamfuate bwana wao. Sitaki kulificha hilo. Anayeifundisha Kerma aifundishe na damu yake. Ila msifanye maandishi kuwa tiketi ya mlangoni. Mji, jeshi, biashara na dini vilikuwapo, na watu walikuwapo. Hata neno letu ustaarabu limebeba Uarabu tumboni mwake, maana asili yake ni kuwa kama Mwarabu. Tumezoea kupimana kwa kipimo cha jirani hadi tumekisahau kama ni kipimo.

Meroe, mji mkuu wa Kush wa baadaye, iliandika kwa herufi zake yenyewe. Zinasomeka kwa sauti, lakini lugha yenyewe bado haijaeleweka vizuri. Nayo haimo daftarini.

Na jambo hili haliwezi kungoja. Tangu Aprili 2023 Sudan iko vitani, na makumbusho ya taifa pale Khartoum yameporwa. Vitu vilivyopona miaka elfu nne ardhini vimechukuliwa kwenye makabati. Sisi tuko bara hili hili, mto Nile unachukua maji ya ziwa letu la Victoria, na mtoto wetu hajui jina la kilichoporwa. Atakililiaje?

Nilimsimulia mpwa wangu haya yote hadi chai ikapoa. Alichora kile kikombe kwa penseli nyuma ya daftari, akaniuliza mkanda wa kijivu uko wapi hasa, akaufuta na kuuchora tena. Halafu akauliza, "Mjomba, sasa Jumatatu nikiulizwa Nubia, niandike nini?"

Nikamwambia aandike ule mstari wa mwalimu, kwa sababu alama ni zake, si zangu. Akaitikia, akafunga daftari. Tangu siku hiyo najuta kumjibu vile.