Tabibu wa kiroho aulizwe cheti, au aulizwe waliorudi bila kupona?

Ukipita Manzese, Buguruni au Mbagala utaviona vibao vimepigiliwa kwenye nguzo za umeme. "Dokta" fulani, "Sharifu" fulani, "Profesa" kutoka Sumbawanga, na chini yake orodha: kurudisha mpenzi, nguvu za kiume, kushinda kesi, kupandishwa cheo kazini, uzazi, zindiko la biashara. Namba ya simu imeandikwa kubwa kuliko jina. Hatua chache mbele kuna bango la Nabii au Mtume mwenye suti nyeupe, mafuta ya upako yapo, maji yapo. Ukiingia ndani ya mtaa utamkuta ustadhi anayesoma ruqya, yaani visomo vya Kurani vya kuponya, kwa wenye majini. Watu hawa watatu hawapatani hata kidogo, na kila mmoja atakwambia hao wengine wawili ni matapeli. Lakini swali linalowakabili ni lile lile: hicho cheo kakupa nani, na ukiharibu nani atakuwajibisha?

Wapo wanaosema dawa ni cheti. Rwanda wamefuata njia hiyo: mwaka 2018 walifunga maelfu ya makanisa, wakapitisha sheria inayomtaka mhubiri awe na shahada ya elimu ya dini, wakatoa miaka 5 ya kujipanga. Hoja yao haina ubaya. Hata mama lishe anapimwa afya kabla ya kuuza wali, iweje anayeshika kichwa cha mgonjwa na kumwambia amepona asiulizwe kasomea wapi?

Wapinzani nao wana la kusema, na wanalichota kwenye Biblia yenyewe. Matendo 4 inawataja Petro na Yohana kuwa watu wasio na elimu, na hapo walikuwa wametoka kumponya kiwete mlangoni pa hekalu. Vijijini kwetu wapo wazee wengi wanaoombea wagonjwa ambao hawajawahi kuliona darasa la theolojia, na hawamdai mtu hata senti. Serikali ikitaka kumpima mtu kama ana karama, mtihani atautunga nani?

Mimi sina imani kubwa na cheti, na sababu yangu ni Shakahola. Mhubiri Paul Mackenzie, anayekabiliwa na mashtaka nchini Kenya baada ya miili zaidi ya 400 kufukuliwa katika msitu ule wa Kilifi, hakuwa mtu wa kujificha na kanisa lisilojulikana. Usajili wa kanisa lake ulifutwa mwaka 2023, makaburi yakiwa yameshafunguliwa. Kufutwa maana yake ulikuwepo.

Kwetu Tanzania mambo yamechanganyika zaidi. Tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na lipo Baraza linalosajili waganga. Sheria hiyo inahusu tiba: majani, mizizi, magome, wakunga wa jadi. Sasa mganga akishapata cheti chake anakiweka kwenye fremu, anakitundika ukutani, na mteja aliyekuja kwa sababu ya jini anaiona nembo ya taifa. Anaondoka akiamini serikali imemthibitisha mganga hadi kwenye mambo ya majini. Serikali yenyewe inajua hatari iliyopo. Mwaka 2009 ilifuta leseni za waganga wa jadi kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino, na mwaka 2015 ikarudi tena na marufuku kwa wapiga ramli. Vibao bado vipo.

Wengine wanasema tuachane na karatasi, tutazame mwenendo. Hapa dini zetu zimesema mapema kuliko bunge lolote. Elisha alimponya Naamani ukoma akakataa zawadi. Mtumishi wake Gehazi akamkimbilia mgeni njiani, akadanganya, akachukua fedha na mavazi, na ukoma ukamrudia yeye. Kwa Waislamu ipo hadithi ya masahaba waliomsomea Al-Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na mdudu, wakapewa kondoo, na Mtume hakuwakataza. Kwa hiyo kulipwa peke yake si kosa. Lakini ipo na hadithi nyingine, katika mkusanyiko wa Abu Dawud, ambayo sijawahi kumsikia tabibu yeyote wa ruqya akiinukuu redioni: anayejifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu, basi ni mdhamini. Akidhuru, analipa. Sioni kwa nini kanuni hiyo isimfae na mwenye mafuta ya upako.

Na mwenendo mbaya una sura yake, hauhitaji mpelelezi. Siku ya kwanza bei ni ndogo, pengine hata bure. Siku ya pili inagundulika "umefungwa", na aliyekufunga ni mtu wa karibu: shangazi, mama mkwe, bibi kizee wa nyumba ya tatu. Hapo ndipo ramli chonganishi inapoanza, na katika baadhi ya vijiji vya Kanda ya Ziwa bibi wa aina hiyo akishatajwa, maisha yake yamo hatarini. Kisha zinafuata simu: tuma ya ubani, tuma ya jogoo mweusi, tuma ya kufungulia kazi, wakubwa wamekataa, ongeza. Mwanamke akiambiwa dawa yake inafanyika usiku, chumbani, bila ndugu aliyemsindikiza, hapo hakuna cha kujadili tena. Aondoke.

Ila ninaowaona wakiwacheka wateja wa watu hawa mara nyingi wana bima ya afya. Fikiria mwanamke wa miaka minane ya ndoa bila mtoto. Hospitali amepimwa, vipimo vimesema hana tatizo, mume hajakubali kupimwa, mawifi wameshaanza maneno. Daktari anampa dakika chache kwa sababu foleni imefika getini. Kwa ustadhi anakaa saa nzima anasikilizwa. Anaandikiwa kombe: aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa marashi ya mawaridi, anakunywa. Anatoka amepumua. Kumwambia kwamba amepoteza hela ni kutoelewa alichokwenda kukinunua. Mateso yanayomwuliza mtu "kwa nini mimi?" hayajawahi kuonekana kwenye eksirei.

Sasa tuje Loliondo, maana kesi hii inawasumbua wenye cheti na wenye mwenendo kwa pamoja. Mwaka 2011, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kama Babu, aliwanywesha watu wasiohesabika dawa ya mti wa mugariga kijijini Samunge, akisema Mungu alimwonyesha ndotoni. Kisukari, kansa, pumu, shinikizo la damu, UKIMWI, vyote kikombe kimoja. Ukitafuta sifa za mtu, alikuwa nazo: uchungaji wa kanisa linalojulikana, na Askofu Thomas Laizer akimtetea hadharani. Ukitafuta mwenendo, shilingi 500 kwa tajiri na maskini, aliyekuja kwa helikopta na aliyekuja kwa lori. Hakumtaja mchawi wa mtu. Hakumfungia mtu chumbani. Gehazi humwoni pale, labda kwa wenye magari waliopandisha nauli.

Foleni ilikwenda kilomita kwa kilomita. Wagonjwa walitolewa wodini wakapakiwa kwenye magari, na BBC iliripoti kwamba 52 walifariki wakisubiri zamu. Watafiti wetu walisema dawa ile ni salama kunywa, na watu wengi wakasikia kwamba inaponya, ambayo ni habari nyingine kabisa. Wapo walioacha ARV, dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Ukiacha ARV virusi vinaongezeka upya, na vinaweza kuwa sugu kwa dawa. Mwenye kisukari kile kinachotegemea insulini, akiiacha, anaweza asimalize hata mwezi. Babu mwenyewe alifariki Julai 2021, na hadi leo ukimtaja Arusha utapata mabishano.

Ndiyo maana kwangu cheti hakitoshi na upole wa mtu hautoshi. Linalobaki ni dai lenyewe: anasema anaponya nini, na anajuaje? Kwenye mkutano kipaza sauti anapewa aliyepona. Asiyepona anaambiwa imani yake ndogo, au kafara haikutimia, au alivunja mwiko, na hivyo kosa la tiba linageuzwa kuwa kosa la mgonjwa. Hospitali zetu zina uzembe mwingi, na mtu akifia mikononi mwao kuna faili, kuna tarehe, kuna jina la daktari wa zamu. Tabibu wa kiroho hana daftari la waliorudi wakiwa vile vile. Ningependa aulizwe hilo kabla ya kuulizwa shahada.

Sheria ingeweza kuacha maombi na visomo viwe huru, ikabana vitendo vichache vinavyoonekana kwa macho: kumwambia mgonjwa aache dawa, kumtaja mtu kuwa mchawi, kujiita Dokta bila kusomea, kukusanya umati bila usalama. Hilo la mwisho tulilipia Moshi, Februari 2020, watu 20 walipokufa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya Mtume Mwamposa katika uwanja wa Majengo. Lakini hata sheria ya namna hiyo isingekizuia kikombe cha Samunge. Askari wa kuisimamia angepatikana wapi, wakati viongozi wa serikali wenyewe walikuwa wamekwenda kunywa?